Mikono Mitatu, Miguu Kumi na Miwili: Mwongozo wa Kupiga Vanishi Sakafu ya Mbao

Kupiga vanishi sakafu ya mbao ni kazi rahisi. Brashi unaijua, kopo unalijua, na mbao zimelala palepale, hazina pa kukimbilia. Mkono mmoja wa vanishi kwenye sebule ya kawaida humalizika kwa saa moja hivi. Kinachowashinda watu ni saa 23 zinazofuata, ambapo hakuna anayeruhusiwa kukanyaga na kila kiumbe cha nyumbani kinakumbuka kwamba kimesahau kitu ndani. Kwenye kopo wameandika namna ya kupaka. Hawakuandika namna ya kumzuia shemeji.

Mwongozo huu unamhusu mwenye sakafu ya vibao vya mninga au mvule, kama zile zilizobaki kwenye baadhi ya nyumba za zamani za Nairobi, Arusha na Moshi: vibao vyembamba vimepangwa vitano vitano, kundi hili limelala, la jirani yake limesimama. Wenye busara walishazifunika kwa kapeti la plastiki wakaendelea na maisha. Wewe ulinyanyua pembe ya kapeti, ukaona mninga, ukaingiwa na tamaa. Sasa chukua familia ya mfano: watu wanne na paka mmoja, yaani miguu 12. Vanishi inataka mikono mitatu. Kazi yako yote ni kuhakikisha miguu hiyo haikutani na mikono hiyo.

Hatua ya 1: Chagua majira

Vanishi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Tina iliyomo ndani yake ikishapaa, vanishi yenyewe huendelea kufyonza oksijeni ya hewani, na oksijeni hiyo ndiyo inayoigandisha ikawa ngozi ngumu. Hewa ikiwa nzito kwa unyevu, shughuli hiyo huchelewa. Kwa hiyo masika, kuanzia Machi hadi Mei, kaa kitako ule mahindi ya kuchoma.

Vuli nayo ina wenyewe: kumbikumbi. Jioni taa ikiwaka na dirisha likiwa wazi, watakuja kwa mamia, na kwa kuwa sakafu mbichi inaakisi taa, watatua hapohapo. Kumbikumbi akishatua hufanya alichozoea kufanya tangu enzi za mababu zake: hudondosha mabawa yote manne na kujaribu kuondoka kwa miguu. Nyuma yake huacha mchirizi mwembamba wa safari nzima, kona kwa kona, hadi pale alipochoka. Ukimfuata na kibanio umtoe, utaongeza tundu la kibanio, duara la goti na alama ya kiganja. Mwache akauke. Kesho msasa utamwondoa.

Majira bora ni Januari na Februari, jua kali na hewa kavu. Bahati mbaya Januari ni mwezi wa ada, na mwenye nyumba hana hela hata ya brashi. Kuanzia Juni hadi Agosti hela inaweza kuwa imepatikana, lakini Nairobi na Arusha kuna baridi, na baridi nayo huchelewesha vanishi. Tena ndipo shule zinapofungwa, Tanzania Juni, Kenya Agosti, na miguu yote 12 ipo nyumbani kutwa. Basi piga Februari. Tumejaliwa mwezi mmoja tu wa vanishi, nao ndio mfupi kuliko yote.

Hatua ya 2: Waondoe watu kwa heshima

Usitangaze kwamba ni marufuku kuingia. Marufuku huamsha hamu. Tafuta ndugu wa kukaa na watoto, kisha upige simu. Simu itakwenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nasikia mnapaka sakafu dawa?"

"Ndiyo mama, vanishi. Tulikuwa tunaomba watoto waje wakae huko kidogo."

"Siku ngapi?"

"Kama nne hivi, mama."

"Haya. Basi nakuja mwenyewe kuwachukua, nione na hiyo sakafu."

Miguu sasa imefika 14. Mpokee mama barazani, mwekee kiti, mpe chai hukohuko nje, na umwonyeshe sakafu kupitia dirishani.

Kabla watu hawajaondoka, toa nje kila kitakachohitajika: chaja, rimoti, dawa za presha za babu, daftari la hesabu, sare, ufunguo wa kabati. Chaja itangulie. Mtu mzima anaweza kustahimili njaa hadi kesho, lakini simu ikibaki na asilimia 3 ataikanyaga vanishi huku akikuomba radhi.

Zima pia jiko la mkaa na la gesi, na chochote chenye moto. Mvuke wa tina hushika moto, na hapo hakuna mzaha.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya fundi

Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mita za mraba 20. Lita moja ya vanishi hufunika takribani mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Mkono mmoja basi ni lita 2, na mikono mitatu ni lita 6. Nunua makopo mawili ya lita 4, na kitakachobaki ni cha viraka. Fundi akikuambia, "Bosi, hii inakula lita 12," muulize kwa upole zile 6 zitakwenda kupaka nyumba ya nani.

Fundi huyohuyo atakupendekezea sending sila, yaani mkono wa kuziba mbao, chini ya vanishi. Kwenye meza na makabati sila ina heshima yake: imechanganywa unga wa stearate, ndugu wa sabuni, unaofanya msasa uteleze bila kuziba. Lakini sakafu hukanyagwa, na vanishi ya poliyurethani huweza isishike vizuri juu ya unga huo. Watengenezaji wengi wa poliyurethani hushauri mkono wa kwanza uwe vanishi yenyewe, imepunguzwa kidogo kwa tina ili izame kwenye mbao.

Ipo pia vanishi ya maji. Hukauka kwa saa 2 hadi 4, harufu yake ni ndogo, na haigeuki njano miaka inavyokwenda. Anayeitumia anaweza kupiga mikono miwili kwa siku moja, na nusu ya mwongozo huu haimhusu. Wewe umekwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi la mtaani, umekuta ya mafuta, umeambiwa ile nyingine italetwa wiki ijayo. Endelea kusoma.

Hatua ya 4: Msasa

Namba ya msasa ikiwa ndogo, ukali ni mkubwa. Anza na 40 kuondoa vanishi ya zamani, nenda 60, kisha 80, malizia 100 au 120. Kila namba inayofuata ina kazi moja tu: kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Kufikia namba 60 utakuwa umechoka, na utajishauri kuruka moja kwa moja hadi 120. Sakafu itakubali. Itaonekana safi, laini, utaipapasa na kujisifu. Kisha vanishi itaingia, na mikwaruzo yote ya namba 40 itajitokeza imewekewa kioo juu, ionekane vizuri hadi na wajukuu.

Ubao mmoja mrefu hupigwa msasa kwa kufuata nyuzi zake. Vibao vilivyopishana havina mwelekeo mmoja wa kufuata, kwa hiyo mashine hupitishwa kwanza kimshazari, kutoka pembe hadi pembe, na namba za mwisho zifuate urefu wa chumba kuelekea dirisha lenye mwanga. Mashine isisimame mahali pamoja huku inazunguka. Ukisimama kupokea simu, utachimba bonde, na vanishi haifukii mabonde, huyapamba.

Hakikisha pia umeondoa polishi yote ya nta. Bibi aliisugua sakafu hii kila Jumamosi kwa miaka mingi, na juhudi zake bado zimo ndani ya mbao. Vanishi ikikutana na nta au silikoni hujikunja na kukimbia, ikaacha viduara vitupu. Usimweleze bibi jambo hili.

Vumbi la mbao si la kuchezea. Shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeliweka kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na la mvule huwasha ngozi, macho na pua hata kabla hujafikia mambo ya saratani. Vaa barakoa ya kweli. Kitambaa ulichojifunga puani kinakufanya ufanane na jambazi wa filamu, na kinga yake inaishia hapo.

Hatua ya 5: Vumbi linaporudi

Ukifagia kwa ufagio wa chelewa, vumbi litaondoka sakafuni na kwenda darini kupumzika. Saa mbili baadaye, ukiwa umemaliza mkono wa kwanza, litashuka. Tumia mashine ya kufyonza vumbi, anza na fremu za madirisha na kuta, sakafu iwe ya mwisho. Kisha ifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilicholoweshwa tapentaini kidogo.

Kama mbao zako ni mvule au mtiki, ongeza uangalifu. Miti hii ina kemikali za asili zinazoikinga isiliwe wala kuoza, na kemikali hizohizo huweza kuifanya vanishi ya mafuta ichelewe kukauka au ibaki inanata. Futa kwa tina, subiri ipae, upige mkono wa kwanza bila kuilaza siku.

Zima feni. Badilisha shati. Mwenye shati la kazi ya msasa akiinama kupaka vanishi, anapaka vanishi na shati.

Hatua ya 6: Mkono wa kwanza

Koroga kopo, usilitikise. Kutikisa hutia viputo, na viputo huganda. Kukoroga huinua unga wa kupunguza mng'ao uliotulia chini, kama umenunua vanishi isiyong'aa sana. Mimina kiasi kwenye chombo kingine ukichuja kwa kipande cha soksi ya nailoni. Hapa fundi mzoefu atakushinda kwa mbali. Atavua mkanda wenye bizimu ya chuma na kutoa pete visije vikakwaruza sakafu, atakagua brashi unywele kwa unywele na kung'oa unaocheza. Mwangalie, umwige.

Anzia kona iliyo mbali na mlango. Paka kingo za ukuta kwa brashi, kisha fuata ukanda baada ya ukanda, kila ukanda uuwahi wa jirani ukiwa bado mbichi, ukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Wapo wanaoanzia mlangoni kwa sababu ndipo walipoingilia. Hao hukutwa jioni wameketi dirishani, miguu nje, wakiwauliza wapita njia kama kuna mwenye ngazi.

Paka nyembamba. Fundi atakunong'oneza, "Bosi, tukipiga mkono mmoja mzito tunamaliza leo." Ni kweli mtamaliza leo. Mkono mzito hukauka juu kwanza, oksijeni ikakosa njia ya kufika chini, na vanishi ya ndani ikabaki mbichi imefungiwa. Wiki ijayo mguu wa kiti utazama hapo, na uso wote utajikunja.

Na ukishapita, usirudi. Utaona mstari mdogo, utaona unywele, nafsi itakusihi uguse mara moja tu. Vanishi ya dakika kumi zilizopita tayari imeanza kushika. Brashi ikirudi hapo itaburuta na kuacha kovu kubwa kuliko unywele uliokuwa ukiufuata. Unywele una dawa kesho.

Hatua ya 7: Ulinzi

Funga mlango. Acha dirisha wazi kiasi cha hewa kupita, si kiasi cha paka kupita. Weka kiti barazani, kaa. Kuanzia sasa wewe ni askari.

Adui wako mkuu si mguu. Mguu una kelele, unauona ukija. Adui ni kidole. Hakuna mwanadamu anayeweza kusikia neno "mbichi" bila kutaka kuhakikisha. Jirani aliyekuja kuomba chumvi atachuchumaa kizingitini na kusema, "Mbona kama imekauka?" huku kidole cha shahada kimeshafika. Atakitazama, atakinusa, atakifuta kwenye suruali, na kukutolea taarifa: "Bado." Alama itabaki pale, mistari yote ya kidole ikisomeka, ushahidi ambao polisi wangeufurahia.

Dawa yake ni kibao cha majaribio. Kipige vanishi siku ileile, kiweke mlangoni, na kila mgeni apewe akiguse anavyotaka. Baada ya saa chache kitakuwa na vidole vya mtaa mzima, na sakafu yako itakuwa salama.

Paka hana kibao. Mpeleke kwa mama pamoja na watoto.

Hatua ya 8: Mkono wa pili

Vanishi nyingi za mafuta huhitaji saa 12 hadi 24 kati ya mkono na mkono, na zaidi hewa ikiwa na unyevu. Lakini saa haijui hali ya sebule yako. Msasa unaijua. Chukua namba 220, sugua kidogo mahali pa siri nyuma ya mlango. Ukitoka unga mweupe mkavu, endelea. Msasa ukijaa utando unaonata, funga mlango, rudi kwenye kiti chako barazani.

Ikishakuwa tayari, pitisha msasa huo sakafu nzima kwa mkono mwepesi. Lengo ni kukata vinyweleo vya mbao vilivyosimama, kung'oa vumbi lililonasa na kumwaga kumbikumbi wa jana, na kuupa mkono wa pili mahali pa kushika. Mng'ao wote utapotea. Sakafu itakuwa na ukungu mweupe, na saa hiyohiyo mwenzako atatokea mlangoni aseme, "Si ilikuwa nzuri jana? Umeiharibu!" Usijibizane naye. Futa vumbi kwa tapentaini, piga mkono wa pili, ukungu utayeyuka mbele ya macho yake. Ni ushindi wa nadra kwenye ndoa. Usiutangaze.

Hatua ya 9: Mkono wa tatu, na kuacha

Mkono wa kwanza hunywewa na mbao. Wa pili hujaza. Wa tatu ndio utakaokanyagwa, kwa hiyo ndio wenye maana, na ndio ambao watu huuruka kwa sababu sakafu tayari inang'aa na shemeji ameshauliza mara tatu atalala wapi. Kwaruza tena kwa 220, futa tena, kisha laza tochi ya simu sakafuni iangaze kwa upande. Mwanga wa chini huonyesha kila palipokosa vanishi kwenye mkono uliopita. Mwanga wa dari huficha, ndiyo maana mafundi wengine wanaupenda.

Ukimaliza mkono wa tatu, weka brashi chini. Huu haukwaruzwi. Utaona kasoro mbili tatu, na utapata wazo la mkono wa nne wa kuzifuta. Mkono wa nne utakuja na kasoro zake. Wageni huangalia sakafu wakiwa wamesimama, si wakiwa wamelala kifudifudi na tochi.

Hatua ya 10: Kurudisha maisha

Baada ya siku nzima unaweza kuingia kwa soksi, si kwa ndala, wala si kwa viatu vya fundi anayekuja kuchukua salio. Fanicha irudi baada ya siku 3 au 4, ibebwe, isiburutwe, na miguu yake ibandikwe vipande vya kitambaa kizito. Kapeti lisubiri wiki mbili au zaidi, kwa kuwa linafunika vanishi isipate hewa, na vanishi ya mafuta huchukua karibu mwezi mzima kukomaa. Kupiga deki iwe kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ndoo ya maji ya kumwaga ni ya sakafu ya saruji.

Matambara yaliyolowa vanishi au mafuta ya kitani usiyafinyange ukayatupa kwenye pipa. Yanapokauka hutoa joto, na yakirundikwa joto hilo huweza kuwasha moto lenyewe bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke moja moja, au yatie kwenye kopo la bati lenye maji na kifuniko. Vumbi la mashine nalo lisilale ndani ya mfuko.

Baada ya hapo sakafu itakaa miaka, mradi usisubiri hadi mbao zibaki tupu. Ikianza kufifia mbele ya mlango na mbele ya televisheni, ikwaruze kwa msasa laini na uongeze mkono mmoja. Hutahitaji tena namba 40. Anayesubiri hadi mbao zigeuke kijivu ataanza upya kwenye hatua ya 4, na barakoa yake.

Gharama halisi ya kazi hii, basi, si lita 6 za vanishi. Ni siku nne za mlango uliofungwa. Asiyeweza kuufunga anunue vigae.